Agra na Fatehpur Sikri kwa siku moja: tathmini kwa mwanafunzi aliyeko Delhi

Hukumu kwanza, maelezo baadaye: Taj Mahal na Fatehpur Sikri vinaingia katika siku moja. Ukiongeza Ngome ya Agra, siku haitoshi. Safari nyingi za wanafunzi walioko Delhi na miji jirani ya Noida na Greater Noida huharibikia hapo. Mtu anataka vyote vitatu, anaviona mbiombio, na saa zikianza kumkimbia anakata Sikri kwa kuwa ndiyo iliyo mbali. Bahati mbaya anakata kilicho bora. Taj ni kaburi moja, zuri kupita kiasi, ambalo umeshaliona kwenye picha na makopo ya chai tangu utotoni. Sikri ni mji mzima wa mawe mekundu ambao mfalme aliujenga, akaukalia miaka kumi na minne hivi, akauhama.

Tathmini hii ni ya anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa treni, akiwa na mfuko wa mwanafunzi.

Siku gani

Ijumaa Taj imefungwa. Msikiti wake hufunguliwa kwa sala ya Ijumaa kwa wakazi wa Agra peke yao, kwa hiyo mgeni haingii hata akifika na kanzu na msala mkononi. Sikri na ngome viko wazi siku zote saba, na kama Ijumaa ndiyo siku pekee usiyo na kipindi, hiyo ndiyo siku ya kwenda kuviona hivyo viwili na kuiacha Taj kwa safari nyingine. Jumamosi na Jumapili kuna foleni ndefu ya ukaguzi, na njia za bustanini hujaa hadi huwezi kusimama. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku zenye nafuu.

Kuhusu majira, Oktoba, Novemba, Februari na Machi ndiyo miezi ya kwenda. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na Sikri haina kivuli cha maana. Jiwe jekundu likishapata jua la saa sita linakurudishia joto usoni kama tanuri la mkate. Desemba na Januari tatizo ni ukungu, nao unauma mara mbili: treni huchelewa kwa saa kadhaa, na hata ukiwahi, unasimama mbele ya Taj huioni. Ukungu huo husababisha pia ajali mbaya kwenye barabara ya Yamuna Expressway, na ndiyo maana mwendo wa magari hupunguzwa kila majira ya baridi. Wakati huo usipande gari la alfajiri.

Treni

Kumbuka kwanza kwamba tiketi za India huandika saa kwa mfumo wa 24. Andika saa kwenye simu kama zilivyo kwenye tiketi, usizigeuze kwa Kiswahili kichwani, maana "06:00" imeshawafanya watu wazima wafike saa sita. Hapa chini saa zote ni kama zilivyoandikwa kwenye tiketi.

Bhopal Shatabdi (treni namba 12002) hutoka stesheni ya New Delhi 06:00 na kufika stesheni ya Agra Cantt kabla ya 08:00. Gatimaan Express (12050) hutoka Hazrat Nizamuddin 08:10 na kufika 09:50. Ilianza mwaka 2016 na hufikia kilomita 160 kwa saa. Jioni Gatimaan (12049) huondoka Agra Cantt 17:50 na kukushusha Nizamuddin 19:30. Ijumaa Gatimaan haitembei. Zipo nyingine nyingi, na mojawapo ni Taj Express yenye viti vya daraja la pili visivyo na kiyoyozi, ambayo nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na Gatimaan lakini huchukua karibu saa tatu.

Wengi hukata Gatimaan kwenda na Gatimaan kurudi, na kwa ratiba inaonekana safi. Piga hesabu. Umefika 09:50, umetoka stesheni 10:10, umeingia Taj kabla kidogo ya 11:00, umetoka 13:00. Sikri iko kilomita 37 magharibi, ni saa moja na robo kwa gari siku isiyo na msongamano. Ukikaa huko saa mbili na kurudi, unaingia Agra Cantt 17:35 ukiwa na dakika kumi na tano mkononi. Lori moja likiharibikia njiani, treni imekwenda.

Mpangilio unaofanya kazi ni kwenda na Shatabdi na kurudi na Gatimaan. Saa 08:45 uko ndani ya Taj kabla mabasi ya Delhi hayajafika, 11:00 umetoka, 12:30 uko Sikri, 15:00 unaondoka, 16:30 uko Agra na una zaidi ya saa nzima ya kunywa chai. Kama huwezi kuamka alfajiri, nenda na Gatimaan lakini rudi na Shatabdi ya usiku (12001), ambayo hupita Agra Cantt baada ya saa 21:00.

Taabu ya Shatabdi ya asubuhi ni kufika stesheni. Metro haikufikishi kwa uhakika saa 05:30, kwa hiyo panga teksi ya programu usiku uliotangulia, au lala kwa rafiki anayekaa karibu. Aliyeko Greater Noida ana shida zaidi: Aqua Line, njia ya metro ya huko, huanza 06:00 siku za kazi na 08:00 Jumapili. Maana yake Jumapili hata Gatimaan hutaiwahi kwa metro. Wanne mkishirikiana, afadhali gari kutoka Pari Chowk moja kwa moja kwa Yamuna Expressway, kilomita 165 za barabara nzuri hadi Agra. Mkubaliane na dereva kabla ya kupanda kwamba bei imeingiza ushuru wa barabara, maegesho na kusubiri. Vitu hivyo vitatu ndivyo hugeuka ugomvi jioni.

Mitego ya stesheni: New Delhi, Old Delhi na Hazrat Nizamuddin ni stesheni tatu tofauti, na dereva ukimwambia "railway station" tu atakupeleka anakotaka. New Delhi yenyewe ina pande mbili, Paharganj na Ajmeri Gate, na kutoka upande mmoja hadi mwingine ni daraja refu lenye umati. Nje kuna vishoka waliovaa nadhifu, wengine na beji shingoni, watakaokuambia treni imefutwa au ofisi ya tiketi za wageni imehamia mtaa wa pili. Haijahama. Iko ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni hiyohiyo, upande wa Paharganj. Asikushike mkono mtu. Upande wa Agra, shuka Agra Cantt. Ile iitwayo Agra Fort ni stesheni nyingine.

Kuhusu kukata tiketi, IRCTC, tovuti ya tiketi za reli, hufungua nafasi siku 60 kabla ya safari. Kabla ya Novemba 2024 zilikuwa 120, kwa hiyo usifuate maelezo ya zamani. CNF ni kiti chako. RAC ni kiti ambacho bado hakijathibitishwa, lakini unaruhusiwa kupanda. WL ni orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni ikibaki WL baada ya orodha ya abiria kupangwa hujifuta na fedha hurudi. Ukipanda nayo unahesabiwa kama mtu asiye na tiketi. Halafu kuna Tatkal, tiketi za dharura zinazofunguliwa siku moja kabla, 10:00 kwa mabehewa ya kiyoyozi na 11:00 kwa yasiyo nacho. Hapa ndipo mwanafunzi mgeni hukwama, kwa sababu tangu 1 Julai 2025 Tatkal ya mtandaoni inahitaji akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, namba ya utambulisho ya India. Mgeni aliyekaa India siku 182 au zaidi ndani ya miezi 12 anaweza kuomba Aadhaar, na kwa anayesoma miaka mitatu inafaa kuifuatilia mapema. Asiyekuwa nayo akate mapema, basi.

Kiti cha kawaida cha Gatimaan ni takriban rupia 750, chakula kikiwa ndani. Beba pasipoti halisi. Picha ya pasipoti kwenye simu itakuletea maswali kwa mkagua tiketi na tena kwenye lango la Taj.

Halafu kuna basi za "ziara ya siku moja" zinazouzwa kila kona ya Paharganj na Karol Bagh. Bei yake huvutia. Ubaya wake ni mpangilio: asubuhi huzunguka hotelini kuokota abiria, Agra inafikiwa jua likiwa utosini, halafu mnaingizwa kwenye duka la marumaru na duka la vitamu ambako kiongozi wa safari hupata kamisheni yake. Taj mnapewa saa moja na nusu. Sikri haimo, na wakati wa kurudi mara nyingi mnapitishwa Mathura usiku mkiwa mmechoka. Nyota mbili kati ya tano, na hizo ni kwa kuwa angalau hupotei.

Bei za kuingilia, na kosa la rupia 50

Mgeni hulipa rupia 1,100 kuingia Taj, na 200 zaidi kupanda kwenye jukwaa na kuingia ndani ya kaburi lenyewe. Mhindi hulipa 50. Tofauti hii huwauma wanafunzi, na ndipo rafiki wa darasani anapojitolea kukununulia tiketi ya wenyeji. Usikubali. Langoni wanaangalia uso, kisha kitambulisho, na kadi ya chuo haikugeuzi kuwa mwenyeji. Unarudishwa nje, unapoteza nafasi kwenye foleni, na ile 50 hairudi. Bajeti ipangwe kwa bei ya mgeni.

Fatehpur Sikri ni rupia 610 kwa mgeni, na Ngome ya Agra 650. Ndani ya bei hizo kuna ushuru mdogo wa mamlaka ya mji ambao aliyelipia Taj siku hiyohiyo halipi tena: rupia 10 kwa Sikri, 50 kwa ngome. Kwa hiyo hifadhi tiketi ya Taj, na ionyeshe kabla hujatoa fedha. Jumla ya Taj kamili na Sikri ni rupia 1,900. Tiketi hununuliwa kwenye tovuti ya ASI, idara ya serikali inayotunza mambo ya kale, na kufanya hivyo usiku uliotangulia hukuondolea foleni ya dirishani, ingawa ile ya ukaguzi iko palepale.

Ile 200 ya ziada lipa. Asiyelipa hutembea bustanini tu na kuitazama Taj kwa mbali, na nakshi zenyewe ziko ukutani, si bustanini.

Taj

Hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kufungwa nusu saa kabla ya kuzama. Tiketi ni ya saa tatu, ukizidisha utatozwa. Nenda lango la magharibi au la mashariki, kwani la kusini ni la kutokea. Magari ya mafuta hayaruhusiwi ndani ya mita 500, kwa hiyo bajaji (wenyewe huita "auto", ingawa jina letu limetoka kwa kampuni yao) itakuacha mbali. Kwa upande wa mashariki, dirisha la tiketi liko Shilpgram, karibu kilomita moja kabla ya lango, na kutoka hapo kuna vigari vya umeme. Tiketi ya mgeni imeshalipia kigari hicho, chupa ndogo ya maji na mifuko ya kuvalisha viatu. Atakayekuuzia mifuko ya viatu njiani anakuuzia kitu ulichokwisha kulipia.

Ukaguzi: wanaume mstari wao, wanawake wao. Chakula, pipi za kutafuna, sigara, kiberiti, kisu, stendi ya kamera, kompyuta na nyaya za chaja haviingii. Lipo chumba cha mizigo, lakini kukirudia kunakula nusu saa, na ukiingilia lango moja ukatokea jingine, mzigo wako umebaki upande wa pili. Beba simu, maji, pasipoti, fedha. Basi.

Sasa jengo lenyewe. Mswahili ana faida ambayo mtalii wa Ulaya hana: jina analielewa bila mkalimani. Taji ni taji, mahal ni mahali. Ukisimama mbele ya kaburi, msikiti uko upande wa magharibi, maana kibla cha India ni magharibi. Upande wa mashariki kuna jengo linalofanana nao kama pacha ambalo si msikiti, kwa kuwa lingeelekea upande usio wa kibla. Lilijengwa ili pande mbili zilingane, na huitwa "jawab". Ndiyo, jawabu.

Aliyepita madrasa aanzie kwenye lango kuu la mawe mekundu, asilipite tu kukimbilia picha. Maandishi meusi yaliyozunguka upinde ni Suratul Fajr, ile inayoishia na mwito kwa nafsi iliyotulia iingie peponi, na ukishavuka ndipo unaiona bustani yenye mifereji minne. Kwenye kaburi lenyewe, tao kubwa limezungushiwa Yasin. Tazama herufi za juu na za chini: kwa macho zinaonekana sawa, lakini mwandishi Amanat Khan alizikuza kadiri zinavyopanda ili anayesimama chini asizione zikinywea. Minara minne nayo imeinama kidogo kwa nje, ili ikianguka isiangukie kuba.

Ndani ni giza na picha haziruhusiwi. Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan aliyejengewa Taj, alifariki 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na kaburi lake liko katikati kabisa. La Shah Jahan, aliyefariki 1666, limewekwa pembeni yake, kubwa zaidi. Katika eneo lote lililopangwa kwa ulinganifu, hilo ndilo pekee lililovunja mpango. Yote mawili unayoyaona ni ya maonyesho. Wamelazwa chumba cha chini.

Watu wataomba kupiga picha na wewe. Si mmoja, ni kumi, kisha familia nzima na mtoto mchanga watakayekupakatisha mikononi. Ukikubali wa kwanza umekubali wote, maana wengine wanatazama. "Nahi, bhaiya" (hapana, kaka) yenye tabasamu huku unatembea inatosha. Kwa mwanamke sema "didi" (dada). Wapiga picha wa kukodi wana beji na bei zao, lakini hupendekeza picha ya kushika kilele cha kuba kwa vidole, na hakuna anayekulazimisha kuwa mtu wa aina hiyo.

Saa mbili na robo zinatosha. Tokeni kabla ya 11:00.

Njia ya kwenda Sikri

Basi la serikali ya jimbo hutoka kituo cha Idgah, si mbali na Agra Cantt, na ndilo rahisi kuliko yote. Huchukua saa moja hadi moja na nusu na hukushusha chini ya kilima, upande wa mji. Tatizo si kwenda, ni kurudi: mabasi hupungua jioni, na ukiwa na treni ya 17:50 usitegemee la mwisho wala la kabla ya mwisho. Mkiwa watatu au wanne, kodini gari la kwenda, kusubiri na kurudi. Bei ni ya gari, si ya kichwa. Mwambie dereva neno moja mapema: hakuna duka. Bila hivyo mtasimama kwenye karakana ya marumaru "dakika tano tu".

Mnapokaribia Sikri vijana hujitokeza barabarani kusimamisha gari wakidai ni waongozaji wa serikali na kwamba magari hayapiti zaidi ya hapo. Si kweli, mwambie dereva aendelee. Magari husimama kwenye maegesho rasmi, na kutoka hapo kuna basi dogo la kupandisha watu kwa rupia chache.

Sikri

Kuna sehemu mbili, na asiyelijua hili hulipa mahali pasipolipiwa. Ya kwanza ni makasri, yanayotakiwa tiketi ya rupia 610 (au 600). Ya pili ni msikiti mkuu pamoja na kaburi la Sheikh Salim Chishti na lango la Buland Darwaza, ambayo ni bure kabisa. Anayekuomba fedha ya kuingia msikitini ni kishoka.

Anzia kwenye makasri. Mfalme Akbar alikuwa hana mtoto wa kiume aliyeishi. Sheikh huyu wa tarika ya Chishti, aliyekaa kwenye kilima hiki, alimbashiria, na mwaka 1569 akazaliwa mvulana aliyepewa jina la sheikh, Salim, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Jahangir. Kwa furaha na shukrani Akbar akaanza kujenga mji mkuu hapohapo, 1571. Mwaka 1585 akaondoka kwenda Lahore, na Sikri haikuwa tena makao yake. Kila mwongozaji atakuambia maji yalikwisha. Shida ya maji ilikuwepo, lakini kilichompeleka Lahore ni vita vya mpaka wa kaskazini-magharibi, na hilo waongozaji huliruka kwa kuwa halina utamu.

Kwa kuwa mji uliachwa mapema, haukubomolewa ili kujengewa mwingine juu yake. Mafundi walichonga jiwe kama seremala anavyochonga mbao: boriti, mabano, vizingiti, hata mapaa yenye mfano wa vigae, vyote ni jiwe jekundu la mchanga. Anayejua milango ya Unguja au Lamu atasimama kwenye chumba kidogo kando ya birika la Anup Talao na kukitazama kwa muda mrefu, maana hakuna shibiri ya ukuta iliyoachwa bila maua, zabibu au nyota.

Diwan-i-Khas ndilo jengo la kutofanyia haraka. Nje linaonekana la ghorofa mbili. Ukiingia ni chumba kimoja kirefu, katikati nguzo moja nene yenye kichwa kilichochanua kama mti, na kutoka juu yake madaraja manne membamba kwenda kwenye pembe nne. Yasemwa mfalme aliketi pale juu katikati. Neno "diwan" ni lilelile letu: kabla halijawa diwani wa kata, lilikuwa cheo cha wakuu wa miji ya Mrima. Khas ni mahususi, Am ni ya watu wote, kwa hiyo ukiona Diwan-i-Am unajua mahali raia walipoleta malalamiko yao.

Panch Mahal ina ghorofa tano zinazopungua kadiri zinavyopanda, na nguzo zake ni 84, kisha 56, 20, 12, na juu kabisa 4. Jumla 176. Haina kuta, kwa sababu ilikuwa ya kupungia upepo. Saa 13:00 ndipo utakapoelewa kwa nini.

Toka kwa upande wa msikiti. Uwanja wake ni mkubwa, na katikati ya wekundu wote kuna kaburi dogo jeupe la sheikh, limezungukwa na viunzi vya marumaru vilivyotobolewa kama lesi. Watu hufunga nyuzi pale wakiweka nadhiri. Aliyezoea ziara ya makaburi ya masharifu Lamu hatashangaa. Atakachoshangaa ni biashara. Mtu atakupokea kwa salamu nzuri, atasema yeye ni wa ukoo wa sheikh, kisha atakuonyesha kitambaa cha kufunika kaburi ambacho "baadaye hupewa mayatima", bei yake ikianzia mamia na kupanda hadi maelfu ya rupia. Akijua wewe ni Mwislamu, maneno huwa matamu zaidi. Kuingia kaburini hakuhitaji kitambaa wala maua wala uzi. Funika kichwa, vua viatu, soma Fatiha yako, toka. Ukitaka kutoa sadaka kuna sanduku.

Viatu: ua wa msikiti ni peku. Soksi nene ndizo tiba ya jiwe la moto, na mfuko wa kubebea viatu vyako mwenyewe unakuondolea mlinzi wa viatu anayetaka rupia mia.

Mwisho, Buland Darwaza. Usiitazame ukiwa ndani ya ua, maana huko ni lango tu. Shuka ngazi zote hadi chini, geuka. Pamoja na ngazi hizo ina mita 54 hivi. Pembeni mwa upinde kuna maandishi ya Kifarsi yanayomnukuu Nabii Isa, mwana wa Mariamu, akisema dunia ni daraja, ivukeni msijenge juu yake. Na aliyeyaandikisha ni mtu aliyejenga mji mzima hapo nyuma.

Wavulana waliokufuata wakisema ni wanafunzi wanaofanya mazoezi ya Kiingereza watakuwa wamekusindikiza mpaka hapa. Mwisho wa ngazi mazoezi hugeuka kuwa duka la kaka yao. Waambie mapema, kwa upole, "nahi chahiye" (sihitaji).

Ngome, chakula, na kurudi

Kwa anayekwenda siku isiyo na Sikri: ngome inahitaji saa mbili, mnaingilia lango la Amar Singh, na sehemu kubwa imeshikwa na jeshi kwa hiyo msitegemee kuizunguka yote. Cha kutafuta ni Musamman Burj, roshani ya marumaru ambako Shah Jahan, akiwa amefungwa na mwanawe Aurangzeb tangu 1658, aliitazama Taj kwa mbali kando ya mto uleule. Kutoka eneo la Taj hadi ngomeni metro ya Agra, iliyofunguliwa Machi 2024, ni kituo kimoja tu. Stesheni ya Agra Cantt haijaifikia.

Chakula si sifa ya safari hii. Sikri kula kidogo au usile. Agra mjini, asubuhi wanakula bedai, mkate wa kukaanga na mchuzi wa viazi wenye pilipili kali, pamoja na jalebi. Ni kifungua kinywa cha bei ndogo kinachokufikisha mchana. Petha, kitamu cha boga jeupe lililochemshwa kwenye sukari, ndiyo zawadi ya Agra. Ile nyeupe kavu hudumu siku nyingi na haichuruziki ndani ya begi, na ya zafarani yenye maji ni ya kula palepale.

Rudini Agra Cantt kufikia 17:00 hata kama mnaona mapema. Ukikosa Gatimaan, usikimbilie chumba cha kulala kwanza. Hoteli inayompokea mgeni inapaswa kupeleka taarifa zake serikalini, na nyumba ndogo za wageni nyingi hukataa pasipoti ya nje kwa kukwepa kazi hiyo, kwa hiyo unaweza kuzunguka na begi hadi usiku. Nenda dirishani stesheni ukaulize kiti kwenye Shatabdi ya usiku au tiketi ya kawaida ya treni yoyote inayopanda kaskazini. Treni za kutoka kusini kwenda Delhi hupita hapo usiku kucha.